Kuimba Swingi kwa Kiswahili: Ninayowaambia Wanaoanza Nairobi

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipokea wanafunzi wachache nyumbani kwangu Buruburu kila Jumamosi asubuhi, vijana wanaotaka kutunga na kuimba nyimbo zao wenyewe kwa ladha ya jazi ya kale, hasa ile ya swingi iliyotamba Marekani tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940. Swali lao la kwanza aghalabu huhusu mavazi au lafudhi: gauni la namna ile linapatikana wapi, na mtu atawezaje kutamka Kiingereza kama walivyotamka waimbaji wa Harlem, mtaa wa New York. Ni swali la dhati, nami hulijibu kwa dhati kwamba mavazi yatakuja kwa wakati wake na lafudhi haihitajiki kabisa. Kinachohitajika kwanza ni mapigo, kisha maneno, na katika mambo hayo mawili mwimbaji wa Kiswahili huanza safari akiwa na akiba ambayo mimi nilichelewa sana kuitambua.

Nilitokea kwaya ya kanisa, upande wa alto, na nilipofika umri wa miaka 22 nikaajiriwa kuimba wakati wa chakula cha mchana cha Jumapili katika hoteli moja ya hapa jijini. Nilikuwa nimekariri nyimbo 40 za Kiingereza, kila moja kwa kuifuata rekodi neno kwa neno na pumzi kwa pumzi. Siku ya kwanza ya mazoezi, mzee aliyepiga besi, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliniambia, "Binti yangu, weka maikrofoni chini, utupigie makofi." Nikapiga kwenye pigo la kwanza na la tatu, kama tulivyozoea kanisani. Akaniomba nihamie pigo la pili na la nne, nikabaki hapo kwa saa nzima bila kuimba hata neno moja huku wenzangu wakizipitia nyimbo zote. Niliondoka nimeudhika. Ilinichukua wiki nyingine kutambua kwamba kila nilipoimba, bendi nzima ilikuwa ikinikokota, kwa kuwa uzito wa sauti yangu uliangukia mahali ambapo wao walikuwa wamepaacha wazi makusudi.

Katika swingi ya mapigo manne, besi hutembea juu ya mapigo yote, noti moja kwa kila pigo, lakini mpiga ngoma hufunga matoazi yake ya mguu kwenye pigo la pili na la nne, na hapo ndipo mwili wa mcheza dansi unapoitikia. Juu ya hayo kuna mgawanyo wa pigo lenyewe. Ukiligawa pigo moja katika sehemu tatu zilizo sawa, noti ya kwanza huchukua sehemu mbili na ya pili huchukua sehemu moja, ndiyo sababu noti zinazoandikwa sawa kwenye karatasi husikika moja ndefu na nyingine fupi. Usiyachukue maelezo haya kama kanuni ya hesabu isiyopindika, kwa maana wimbo ukienda kasi, tuseme mapigo 240 kwa dakika, noti hizo mbili hukaribiana urefu hadi tofauti yake ikawa ndogo mno. Sikio ndilo litakalokuamulia, na sikio hufundishwa kwa zoezi ambalo nimempa kila mwanafunzi wangu: chukua programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu, iweke kwenye 60 kwa dakika, kisha jilazimishe kuyasikia mapigo hayo kuwa ni la pili na la nne, ili wimbo wako uende kwa kasi ya 120. Siku za mwanzo utapotea na kujikuta umerudi kwenye la kwanza na la tatu. Basi lifanye zoezi hilo ukitembea kwenda kituo cha matatu, mguu wa kushoto ukiwa pigo la kwanza na la tatu, wa kulia ukiwa la pili na la nne, huku ukiimba kimoyomoyo.

Unapotafuta wa kumsikiliza kwa ajili ya somo hili, usianze na waimbaji. Anza na bendi ya mpiga piano Count Basie ya mwishoni mwa miaka ya 1930, na humo usikilize watu walio nyuma: Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye ngoma, na Freddie Green, aliyejiunga na bendi hiyo mwaka 1937 akiwa na gitaa lisilo la umeme na akabaki nayo hadi alipofariki mwaka 1987. Kwa nusu karne mtu huyo alipiga kordi (noti kadhaa kwa pamoja) nne kwa kila kipimo, yaani kila kundi la mapigo manne, na karibu kamwe hakujitokeza kupiga peke yake mbele ya wenzake. Mara nyingi humsikii. Unachokisikia ni kwamba bendi inaelea. Baada ya hapo ndipo uende kwa Ella Fitzgerald, ambaye tarehe 21 Novemba 1934, akiwa na umri wa miaka 17, alipanda jukwaa la Apollo huko Harlem katika shindano la chipukizi akiwa amekusudia kucheza dansi, akabadili nia dakika za mwisho na kuimba. Mimi naamini ule uchezaji dansi haukumtoka maisha yake yote, na ndio unaosikika katika jinsi anavyotua juu ya pigo.

Sasa nije kwenye Kiswahili, ambako ndiko kiini cha haya yote kilipo. Walimu wetu wa shule walitufundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tukalichukua kuwa jambo la mtihani tu. Kwa mtunzi wa nyimbo, hilo ni jambo la kila siku. Chukua neno barabara: mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari, ukiurudisha kwenye ya pili, maana yake ni sawasawa. Neno walakini nalo lina tabia hiyo hiyo, kwani mkazo ukihama, neno la kuunganisha sentensi hugeuka kuwa kasoro. Ikiwa mkazo una nguvu ya kubadilisha maana kiasi hicho, mahadhi yanayouhamisha ovyo hayawezi kumwacha msikilizaji salama, hata kama hawezi kukueleza kilichomsumbua. Atakwambia tu kwamba wimbo "haujakaa."

Kosa hili huzaliwa hasa pale mtu anapochukua mahadhi yaliyotungwa kwa Kiingereza na kuyavisha maneno yetu. Kiingereza kina maneno mengi sana ya silabi moja, hivyo mstari wake huweza kumalizikia kwenye silabi nzito inayotua juu ya pigo la kwanza na kushikiliwa kwa muda mrefu. Mstari wa Kiswahili karibu kila mara humalizikia kwenye silabi nyepesi. Ukimaliza na neno kituoni na kuitupa ile "ni" kwenye noti ya juu, ndefu na nzito, umelivunja neno. Nilifanya hivyo katika wimbo wangu wa kwanza wa Kiswahili, na mama yangu mzazi, ambaye ananitakia kila la heri, aliniuliza nilikuwa nikiimba kwa lugha gani.

Dawa nimeipata katika ushairi wetu wenyewe. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya darasa:

Nakungoja kituoni, hata taa zimezima,
Simu yangu mkononi, nayo chaji imekoma.

Kila kipande, yaani nusu ya mshororo, kina mizani (silabi) 8, kama ilivyo desturi ya shairi la mizani 16. Zitandaze mizani 8 za kipande cha kwanza juu ya kipimo kimoja cha mapigo manne, mbili kwa kila pigo, ukianzia pigo la kwanza. "Na-ku" zitakaa kwenye pigo la kwanza, "ngo-ja" kwenye la pili, "ki-tu" kwenye la tatu, "o-ni" kwenye la nne. Mkazo wa nakungoja uko kwenye "ngo" na mkazo wa kituoni uko kwenye "o," yaani pigo la pili na la nne, palepale mpiga ngoma anapofunga matoazi yake. Silabi nyepesi za mwisho, "ja" na "ni," zinaangukia ile theluthi fupi ya pigo, mahali ambapo swingi hupenda kuweka noti ndogo inayosukuma wimbo mbele. Siku nilipoliona jambo hili nilikuwa nimeketi ndani ya matatu kwenye Jogoo Road na daftari mapajani, na nilirudia kuhesabu mara nne kwa kutoamini. Neno la silabi nne, ambalo Kiswahili kimejaa nalo kwa sababu ya viambishi vyetu vya vitenzi, lina umbo la swingi tayari kabla hujalitafutia mahadhi.

Hata hivyo, usije ukajenga wimbo mzima kwa umbo hilo moja, maana baada ya vipimo kumi na viwili utasikika kama kinu cha kusaga unga. Kipande cha pili, "hata taa zimezima," kina maneno mawili mafupi mwanzoni, kwa hiyo mkazo unatua kwenye pigo la kwanza, la pili na la nne, na mabadiliko hayo madogo tayari yanaamsha sikio. Unaweza pia kuliacha pigo la kwanza likapita tupu na kuanza kuimba baada yake, au kuivuta silabi yenye mkazo ikavuka kipimo, kisha ukaigusa tu ile ya mwisho: "kituo" ndefu, halafu "ni" kama mtu anayefunga mlango polepole. Msikilize Billie Holiday kwa ajili ya hili. Sauti yake haikuwa na upana mkubwa, lakini aliyaweka maneno nyuma kidogo ya pigo kwa hesabu ya ajabu, huku bendi ikisonga bila kumngoja, na kila neno likasikika kana kwamba limefikiriwa wakati huohuo. Jambo hilo huliwezi kabla ya kulijua pigo kwa uhakika. Anayechelewa kwa kutojua huonekana mara moja, na wapigaji huanza kumpunguzia kasi kwa huruma.

Kuna faida nyingine ya lugha yetu ambayo waimbaji wa nchi nyingine wangeitamani, nayo ni kwamba silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kila silabi inaweza kuimbwa ikashikiliwa. Lakini irabu hazilingani. "I" na "u" hubana koo kwenye noti za juu, ilhali "a" na "o" hulifungua. Ninapotunga, huandika pembezoni mwa ukurasa irabu ya kila silabi yenye mkazo, na nikiona noti ya juu kabisa ya wimbo imeangukia "u," hutafuta neno jingine kabla sijashikamana sana na lile la kwanza. Zimezima ni neno zuri, lakini sitaliweka kileleni.

Muundo wa wimbo nao una undugu na ushairi ambao sijaona ukizungumziwa vya kutosha. Nyimbo nyingi za zama za swingi zina vipimo 32 vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo 8: ya kwanza, ya pili na ya nne zina mahadhi yaleyale, na ya tatu, ambayo wanamuziki huiita daraja, hubadilisha mahadhi na kordi kabla ya kurudi nyumbani. Ukikipa kila kipande cha shairi kipimo kimoja, sehemu moja ya vipimo 8 itabeba ubeti mzima wa tarbia, yaani mishororo minne yenye ukwapi na utao, vile vipande viwili vya kila mshororo. Nilijaribu hivyo na wimbo ukajaa maneno hadi hapakuwa na mahali pa kuvuta pumzi wala pa mpiga saksafoni kujibu. Nikakipa kila kipande vipimo viwili, vya kuimba na kunyamaza, na hapo wimbo mzima ukawa na mishororo minane, beti mbili kamili, na kimya cha kutosha. Kibwagizo cha tarbia, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, hukaa vizuri mwishoni mwa sehemu zinazofanana, nacho ndicho kitakachokuwa jina la wimbo, kwa sababu ndicho watu watakachotoka nacho mlangoni. Daraja ndipo mahali pa kugeuza hoja. Kama beti zinamngoja mtu kituoni, kwenye daraja basi lifike, mvua inyeshe, au mngojaji ajiulize kwa nini yuko pale.

Kwa mazoezi ya kutunga, huhitaji kubuni kordi mpya. Kordi za wimbo wa George Gershwin wa mwaka 1930, I Got Rhythm, zimetumiwa na wanajazi kama kiunzi cha nyimbo zao wenyewe tangu zama hizo hadi leo. Jifunze mfuatano huo kwenye gitaa au kinanda, katika ufunguo (noti ya msingi ya wimbo) unaokufaa, na utunge juu yake mahadhi yako matano tofauti kabla ya kukimbilia kitu kigumu zaidi.

Utakutana pia na swali la kwamba jazi ni nini hasa, na ni vyema uwe na jibu lenye heshima. Katika harusi moja mzee aliniomba nipige jazi, nikaimba wimbo wa swingi, naye akasikiliza kwa adabu kisha akasema, "Vizuri, mwanangu, sasa tupigie jazi." Alimaanisha benga ya Shirati Jazz. Alikuwa na haki. Katika Afrika Mashariki na Kongo neno hilo lilichukuliwa na bendi za dansi zenye magitaa na vyombo vya kupuliza, ndiyo maana tuna Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz upande wa Tanzania, OK Jazz iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956, na hapa kwetu Shirati na Victoria Jazz, ingawa muziki wao ulikwenda njia zake wenyewe. Usimsahihishe mzee wa namna hiyo. Badala yake, wasikilize wanamuziki wetu wa kale kwa makini uleule unaoupa Harlem. Fundi Konde wa Pwani, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikundi cha burudani cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, alileta katika nyimbo za Kiswahili kordi za dansi za ukumbini zilizokuwa zikivuma duniani, na aliziimba kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu anayezungumza na jirani. Kwenye Soko la Kenyatta bado wanauza santuri za zamani, na saa moja pale ukiuliza maswali kwa utaratibu ina faida kuliko wiki ya kuperuzi mtandaoni bila mpango.

Kuhusu mada za nyimbo, nina msimamo mkali kidogo. Sipendi nyimbo mpya zinazojifanya ni za mwaka 1938, zenye treni za Chicago na mwezi juu ya Manhattan, zilizoandikwa na mtu ambaye amelala na kuamka mtaani Umoja hapa Nairobi. Waimbaji wa leo wanaoheshimika katika njia hii hawafanyi hivyo. Laufey, aliyezaliwa Reykjavík mwaka 1999 na kulelewa na sello na piano, huimba mambo ya vijana wa rika lake juu ya kordi ambazo babu zao wangezitambua, na ndiyo maana wanaomsikiliza ni vijana. Cécile McLorin Salvant, mshindi wa shindano la jazi la Thelonious Monk la mwaka 2010, ameimba kwa Kifaransa, Kikrioli cha Haiti na hata Kioksitani pamoja na Kiingereza, na hakuna aliyemwambia kwamba ameiacha jazi. Basi andika kuhusu umeme kukatika katikati ya mazungumzo, foleni ya Mombasa Road, ujumbe uliosomwa na usijibiwe, mpenzi aliyehamia Kitengela. Kordi za zamani huyapa mambo haya umri, nayo huzipa kordi hizo sababu ya kuishi.

Niseme kidogo juu ya maikrofoni, kwa sababu wengi hutoka kwenye kwaya kama nilivyotoka, ambako sauti hutupwa hadi ukuta wa nyuma. Kampuni za kurekodi za Marekani zilipoanza kutumia maikrofoni za umeme mwaka 1925, zikichukua nafasi ya ile pembe kubwa ambayo mwimbaji alilazimika kuielekezea sauti kwa nguvu, uimbaji ulibadilika kabisa: mtu kama Bing Crosby aliweza kuimba kana kwamba anazungumza na mtu mmoja. Mtindo unaoupenda ulizaliwa na chombo hicho, kwa hiyo kijue chombo chako. Maikrofoni nyingi za jukwaani huongeza sauti za chini unapoisogelea sana, na hilo hukupa joto kwenye mistari ya polepole lakini huyaziba maneno ukiimba kwa nguvu. Jifunze kuikaribia kwa vidole vitatu na kurudi nyuma kwa kiganja kizima, na ufanye hivyo mbele ya kioo hadi mkono usahau kwamba unafanya kazi.

Jifunze vilevile kutoa nafasi. Santuri za inchi 10 zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika 3 kila upande, na katika rekodi nyingi za bendi kubwa mwimbaji aliingia katikati, akaimba mzunguko mmoja, yaani wimbo mara moja toka mwanzo hadi mwisho, kisha akaketi. Wapulizaji walikuwa wamesema yao kabla yake na wangesema tena baada yake. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye sauti nzuri kuliko yangu, aliwapoteza wapigaji watatu kwa mwaka mmoja kwa sababu alijaza kila kipimo kwa mapambo ya sauti. Nilimshauri aimbe mzunguko mmoja, amwachie mpiga kinanda mzunguko mmoja mzima, kisha arudi kwenye daraja. Wote watatu wamerudi kupiga naye.

Kuhusu kuwapata wapigaji, Nairobi ya sasa ni tajiri kuliko ile niliyoanzia. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, bado inafundisha, na mradi wa Ghetto Classics wa Korogocho, uliosaidiwa kwa miaka mingi na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom lililoanza mwaka 2014, umewalea vijana wengi wanaopuliza na kupiga vyombo ambavyo zamani tulivitafuta kwa tochi. Waendee ukiwa umejiandaa. Jua ufunguo wako kwa kila wimbo, wala usimwambie mtu "tutaona tukianza." Kumbuka kwamba tarumbeta na saksafoni ya tenor husomewa noti zilizopandishwa hatua nzima, na saksafoni ya alto ina hesabu yake pia, kwa hiyo karatasi ya mpiga kinanda haimfai mpulizaji mpaka uibadilishe. Kijana aliyesoma muziki akipokea karatasi safi, yenye jina la wimbo, kasi, ufunguo na mpangilio wa mizunguko, atakupa heshima yake yote siku hiyo ya kwanza.

Malipo nitayapitia upesi. Mahali fulani pa burudani niliwahi kuimba Ijumaa tano mfululizo kwa ahadi ya mdomo na nikalipwa Ijumaa mbili. Tangu hapo kila kazi huitanguliza kwa ujumbe ulioandikwa, hata kama ni wa simu tu: kiasi cha fedha, idadi ya awamu na urefu wake, nani analeta vipaza sauti, nani anagharimia usafiri wa bendi baada ya saa nne usiku, na nusu ya malipo kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Nyimbo zako zisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki yako huanza pale unapoutunga na kuuhifadhi wimbo, lakini cheti hukusaidia kuithibitisha kukiwa na mzozo. Kwa nyimbo za wengine, elewa kwamba sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na kwamba mwandishi wa maneno na mtunzi wa mahadhi mara nyingi ni watu wawili, waliofariki miaka tofauti. Marekani huhesabu kwa namna nyingine, kwa kawaida miaka 95 tangu wimbo wa zama hizo kuchapishwa, hivyo wimbo wa mwaka 1935 hubaki na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2030. Kabla ya kurekodi na kusambaza toleo lako mtandaoni, tafuta ruhusa.

La mwisho ni namna ya kuumaliza wimbo, jambo ambalo limewaaibisha waimbaji wengi wazuri mbele ya wageni kwa sababu hawakulipanga. Njia rahisi ya kale ni kuurudia mshororo wa mwisho mara tatu. Katika mara ya kwanza na ya pili, kordi hukataa kutulia nyumbani, na ya tatu ndiyo inayofika. Waoneshe wenzako vidole vitatu ukiwa bado kwenye daraja, usingoje hadi mwisho. Uimbe mara ya kwanza kama kawaida, ya pili kwa sauti ndogo zaidi, ya tatu ukiivuta silabi yenye mkazo nyuma ya pigo na kuiachia ile ya mwisho ianguke yenyewe. Hapo mpiga kinanda huweka noti tatu nyepesi alizozizoeza Count Basie, mpiga ngoma huyashika matoazi kwa mkono yasiendelee kulia, nawe unarudi nyuma hatua moja ili wasikilizaji wawaone waliokuwa wakikubeba.